Soma kabla ya kukubali: Jinsi ya kusakinisha na kuondoa programu kwa mstari wa amri

Kwa mtu anayenunua intaneti kwa megabaiti, amri chache zinazoandikwa kwenye kibodi zaweza kuokoa fedha, muda na kazi yake. Lakini amri hizo hizo, zikikubaliwa bila kusomwa, zaweza kuiacha kompyuta bila skrini ya kufanyia kazi. Makala haya yanaeleza namna zinavyofanya kazi, na kwa nini zina manufaa ya pekee kwa wakaaji wa Nakivale na jamaa zao walioko Mbarara na ughaibuni.

Kompyuta kuukuu, swali jipya

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilihitimisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, mfumo wa uendeshaji uliozinduliwa mwaka 2015. Mrithi wake, Windows 11, hudai kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na kichakataji cha miaka ya karibuni. Kompyuta nyingi za zamani, zikiwemo zile ambazo ndugu walioko ng'ambo huwatumia jamaa zao, hazitimizi masharti hayo. Mwenye kompyuta ya aina hiyo amebakiwa na njia chache: kuendelea na mfumo usiopata tena masasisho ya kawaida ya usalama, kutafuta kompyuta nyingine, au kuhamia mfumo huru wa Linux, usiotozwa ada na unaoweza kufanya kazi vizuri kwenye mashine yenye umri.

Nakivale, katika wilaya ya Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, ilianzishwa mwaka 1958 na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo inahifadhi zaidi ya watu 100,000 kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kusafiri ndani ya nchi. Ndiyo maana kompyuta moja inaweza kuwa riziki ya kaya nzima.

Tuchukue mfano. Mama mmoja kutoka Kivu ana kibanda cha kuchapa barua, kutoa nakala na kujaza fomu huko Nakivale. Mpwa wake anasoma Mbarara, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020, na amepanga chumba Kamukuzi, sehemu ya jiji yenye kilima kilichokuwa na kasri la wafalme wa Ankole. Kijana anapata intaneti nzuri chuoni. Mama hutumia intaneti ya simu. Tangu Julai 2021, data hiyo hutozwa ushuru wa asilimia 12, mbali na kodi ya ongezeko la thamani. Kompyuta ya mama imewekewa Ubuntu, na sasa mteja ameleta video ambayo haifunguki. Mama anampigia mpwa wake simu: "Mwanangu, nifanyeje bila kumaliza bando?"

Watu hawa wawili ni wa kubuni, lakini swali la mama ni la kweli, na jibu lake limo katika dirisha jeusi ambalo wengi huogopa kulifungua.

Kifurushi ni nini?

Katika Linux, programu husafirishwa ikiwa imefungwa ndani ya kifurushi. Neno hilo lisituchanganye na kifurushi cha data kinachonunuliwa kwa simu, ambacho katika makala haya tutakiita bando. Kifurushi cha programu ni faili moja lenye programu yenyewe, maelezo ya mahali pa kuiweka, na orodha ya vifurushi vingine inavyovihitaji ili ifanye kazi. Hivi huitwa vitegemezi. Ni kama jiko la mkaa: ukilileta nyumbani bila mkaa wala kiberiti, hutapika.

Zamani mtumiaji wa Linux alilazimika kutafuta kila kitegemezi mwenyewe. Akikipata kimoja, kilidai kingine, na hicho kikadai cha tatu. Mradi wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, ulitengeneza chombo kiitwacho dpkg cha kufungua vifurushi, kisha ukaongeza kingine kiitwacho APT, kilichoingizwa rasmi katika Debian 2.1 mwaka 1999. APT hufanya kazi ya tarishi mwenye daftari: unamtajia programu unayoitaka, naye anavitafuta vitegemezi vyote, anavileta na kuvipanga.

Vifurushi hivyo huhifadhiwa katika maghala kwenye intaneti. Debian 12, iliyotolewa Juni 2023, ilikuja na vifurushi zaidi ya 64,000. Kila ghala hutiwa saini ya kidijitali, na APT huikagua saini hiyo kabla ya kuamini kilichomo. Nakala za maghala hayo husambazwa katika nchi nyingi. Nchini Uganda, RENU, mtandao unaounganisha vyuo na taasisi za utafiti, umekuwa ukihifadhi nakala ya aina hiyo. Ghala la karibu halipunguzi ukubwa wa mzigo, ila laweza kuufikisha haraka zaidi.

Ubuntu imejengwa juu ya Debian. Ilizinduliwa Oktoba 2004 na Mark Shuttleworth, mfanyabiashara kutoka Afrika Kusini, na jina lake ni neno la lugha za Kinguni lililo ndugu wa neno letu "utu". Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, Ubuntu ilituma diski zake kwa posta bila malipo kwa yeyote aliyeziomba duniani. Leo diski hizo hazitumwi tena, na faili la kusakinisha Ubuntu 24.04 lina zaidi ya gigabaiti 5. Suala la nani anagharimia usafirishaji limerudi kwa mtumiaji.

Kusakinisha: kuuliza bei si kununua

Mstari wa amri hufunguliwa kwa programu iitwayo Terminal. Katika Ubuntu, bonyeza vitufe vya Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Amri ya kwanza ni hii:

sudo apt update

Neno sudo linaomba mamlaka ya msimamizi, hivyo kompyuta itadai neno lako la siri. Unapoliandika, huenda hakuna herufi wala nyota itakayoonekana kwenye skrini. Kompyuta haijakwama. Andika hadi mwisho kisha bonyeza Enter. Neno update halisakinishi chochote: huleta orodha mpya ya vilivyomo ghalani. Orodha hiyo nayo hutumia data, hasa mara ya kwanza, kwa hiyo si amri ya kurudiarudia bila sababu.

Kabla ya kuagiza, mama anaweza kuchunguza kifurushi cha VLC, programu ya kuchezea video:

apt show vlc

Ataona maelezo, toleo, na ukubwa wa kifurushi hicho peke yake. Kisha anaagiza:

sudo apt install vlc

Hapa ndipo penye somo kubwa. APT haikimbilii kupakua. Kwanza inaonyesha vifurushi vyote vitakavyoingia, vitakavyosasishwa, na vitakavyoondolewa kama vipo. Chini yake inataja kiasi cha data kitakachopakuliwa na nafasi itakayotumika kwenye diski. Mwishoni inauliza kama iendelee. Ukijibu kwa herufi n, hakuna kilichobadilika na hakuna kifurushi kilichopakuliwa. Ni sawa na kuuliza bei sokoni na kuondoka: muuzaji hawezi kukudai.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, kama kifurushi hakihitaji kingine chochote, APT huanza kazi bila kuuliza, kwa hiyo tazama ukubwa kwa apt show mapema. Pili, APT huongeza vifurushi inavyovipendekeza lakini visivyo vya lazima. Mwenye bando dogo anaweza kuvizuia:

sudo apt install --no-install-recommends vlc

Linganisha kiasi cha data katika njia zote mbili kabla ya kukubali. Tofauti yaweza kuwa kubwa, ingawa baadhi ya huduma za ziada za programu huenda zikakosekana.

APT haizungumzi Kiswahili. Hata hivyo, kompyuta ikiwekwa katika Kifaransa, ujumbe wake mwingi huja kwa Kifaransa, na kibali hutolewa kwa herufi O ya "oui" badala ya Y. Kwa Mkongo au Mrundi aliyesoma kwa Kifaransa, badiliko hilo dogo laweza kumwezesha kusoma anachokikubali badala ya kukisia.

Agizo kwa simu, mzigo kwa flashi

Kama bando halitoshi kabisa, kazi ya kupakua inaweza kufanywa Kamukuzi na kusakinisha kukafanywa Nakivale. Kuna programu iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, apt-offline, ambayo inapaswa kusakinishwa kwanza katika kompyuta zote mbili. Nakivale, mama anaandika:

sudo apt-offline set agizo.sig --install-packages vlc

Amri hii huunda faili dogo la maandishi lenye orodha kamili ya kile ambacho kompyuta yake, na si nyingine, inakosa. Faili hilo ni jepesi kiasi cha kutumwa kwa simu. Kule Kamukuzi, mpwa anapakua:

apt-offline get agizo.sig --bundle mzigo.zip

Anaweka mzigo.zip kwenye flashi na kumpa msafiri. Flashi ikifika, mama anaifungua folda yenye faili hilo ndani ya Terminal na kuandika amri mbili:

sudo apt-offline install mzigo.zip

sudo apt install vlc

Kwa kuwa vifurushi tayari vimo ndani ya kompyuta, APT haitahitaji kuvipakua tena. Iwapo orodha ya ghala katika kompyuta ya mama ni ya miezi mingi iliyopita, mzunguko wa kwanza uwe wa kuisasisha orodha, kwa kutumia --update badala ya --install-packages. Bila hivyo, agizo lake laweza kutaja matoleo ambayo ghala halinayo tena.

Kwa nini kijana asinakili tu vifurushi kutoka kompyuta yake? Kwa sababu kompyuta yake yaweza kuwa na toleo tofauti la Ubuntu, na kwa sababu vitegemezi alivyokuwa navyo tangu awali havitapakuliwa upya, hivyo mama atapokea mzigo pungufu.

Kuondoa: nini kinatoka, nini kinabaki

Diski ikijaa, au programu isipohitajika tena, kuna amri tatu ambazo si budi kuzitofautisha.

sudo apt remove vlc

Hii huondoa programu lakini huacha faili za mipangilio yake ya mfumo. Ukiisakinisha tena, itaikuta mipangilio hiyo.

sudo apt purge vlc

Hii huondoa programu pamoja na mipangilio hiyo ya mfumo. Nyaraka zako, picha na barua za wateja zilizomo katika folda yako ya nyumbani haziguswi na amri yoyote kati ya hizi mbili. Ukiondoa programu ya kuandikia, barua ulizoziandika hubaki.

sudo apt autoremove

Hii huondoa vitegemezi vilivyoletwa kwa ajili ya programu ambazo hazipo tena. Ni amri nzuri ya usafi, lakini isome orodha yake kwa makini. Ukiona jina la kitu unachokitumia, jibu n, kisha kitambulishe kuwa unakihitaji kwa kuandika sudo apt-mark manual na jina la kifurushi hicho.

Kuna pia sudo apt clean, inayofuta vifurushi vilivyopakuliwa na kuwekwa akiba. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya APT huchakaa: matoleo mapya yakitoka, vifurushi vya zamani hubaki vikikalia nafasi tu. Hata hivyo, usiifute kabla hujasakinisha ulichokileta kwa flashi.

Tahadhari nyingine inahusu Ubuntu peke yake. Baadhi ya programu, kama kivinjari cha Firefox tangu toleo la 22.04, huletwa kwa mfumo wa pili uitwao Snap. Kiasi cha data kinachotajwa na APT hakihesabu mzigo wa Snap, na programu za Snap hujisasisha zenyewe. Ziorodheshe kwa snap list, na usiyoihitaji iondoe kwa sudo snap remove na jina lake.

Umeme ukikatika katikati

Mahali ambapo betri ya sola huisha bila taarifa, kompyuta inaweza kuzimika wakati vifurushi vinafunguliwa. Kosa la wengi ni kudhani mfumo umekufa na kuusakinisha wote upya. Mara nyingi amri hizi mbili, kwa mpangilio huu, hutosha:

sudo dpkg --configure -a

sudo apt --fix-broken install

Ya kwanza humalizia kazi iliyoachwa njiani, na ya pili hutafuta vitegemezi vilivyokosekana. Kama APT inasema kazi imefungwa na programu nyingine, huenda kompyuta inasasisha usalama wake yenyewe. Subiri imalize. Kuilazimisha ikome ni sawa na kuchomoa umeme kwa mkono.

Funzo la mwaka 2021

Hatari kubwa zaidi ya mstari wa amri haitoki kwa wezi wa mtandaoni, bali kwa kidole chenye haraka. Mwezi Novemba 2021, Linus Sebastian, Mkanada anayefahamika sana kwa video zake za teknolojia kwenye YouTube, alionyesha jaribio lake la kuhamia Linux. Alitaka kusakinisha programu ya michezo iitwayo Steam katika mfumo wa Pop!_OS, ambao nao hutumia APT. Kutokana na hitilafu ya kifurushi wakati huo, APT ilionyesha kwamba ili kukiingiza, ingelazimika kuondoa vifurushi muhimu, ukiwemo muonekano mzima wa skrini. Ilimwonya, kisha ikamtaka aandike sentensi nzima ya kuthibitisha kwamba anataka kweli jambo hilo litendeke. Aliiandika. Madirisha na vitufe vikatoweka, akabaki na maandishi matupu.

Baada ya tukio hilo, watunzaji wa APT waliibadilisha ili kuondoa vifurushi vya lazima kusiwezekane kwa kuandika sentensi hiyo tu. Marekebisho hayo yalistahili, lakini hayamwondolei mtumiaji wajibu wake. Mtu mwenye intaneti ya kutosha na kompyuta kadhaa anaweza kucheka na kuanza upya. Mama wa Nakivale, ambaye wateja wanamsubiri mlangoni na bando limekwisha, hana nafasi hiyo.

Kwa hiyo, kila APT inapokuuliza swali, tafuta majibu matatu kabla ya kubonyeza chochote: nini kitaingia, nini kitaondoka, na ni kiasi gani cha data kitatumika. Ukiagiza kusakinisha kitu na ukaona orodha ndefu ya vitu vya kuondolewa, simama. Jibu n, piga picha ya skrini, mtumie mtu anayejua.

Ikiwa umeshakosea, kompyuta ina kumbukumbu. Faili la /var/log/apt/history.log huandika tarehe, amri iliyotolewa, na kila kifurushi kilichoingia au kutoka. Lisome kwa kuandika:

less /var/log/apt/history.log

Ukilimaliza, bonyeza q kutoka. Majina utakayoyaona hapo ndiyo utakayoyasakinisha tena.

Amri ya kuazima

Jambo la mwisho linahusu amri zinazosambazwa katika makundi ya WhatsApp na Telegram. Amri yoyote inayoanza na sudo inapewa funguo zote za nyumba. Usiinakili kabla hujaelewa kila neno lake, hata kama aliyeituma ni rafiki. Jihadhari zaidi na amri zinazopakua kitu kutoka tovuti na kukiendesha papo hapo, au zinazoongeza ghala lisilo la Ubuntu wala Debian: huko saini ya ghala rasmi haikulindi tena.

Kwa ndugu walioko Australia, Canada au Marekani wanaokusudia kutuma kompyuta nyumbani, msaada mkubwa wanaoweza kuutoa ni kuiandaa kabla haijaondoka. Wasakinishe Linux, programu za kuandikia, za video na za printa, pamoja na apt-offline, wakiwa kwenye intaneti isiyohesabiwa kwa megabaiti. Kisha waandike kwenye karatasi, kwa Kiswahili, amri chache zilizoelezwa hapa na kuiweka ndani ya mkoba wa kompyuta.

Tukirudi kwa mama na mpwa wake, jibu la kijana kwenye simu lingeweza kuwa fupi: "Mama mdogo, iulize kwanza ni megabaiti ngapi. Zikizidi, nitumie agizo, nami nitaupakua mzigo huku." Mama akilishika hilo, hahitaji kuwa mtaalamu. Ataandika amri, atasoma, na ndipo atakapoamua.